Gunia Lenye Masikio

Mtu anayetembea kwa miguu nchi ya Ufipa hana shida ya njia. Njia zipo kila upande, na mchana mweupe unaiona siku nzima ya safari yako imelala mbele kwenye majani. Shida zake ni mbili: atalala wapi, na mzigo wake utamngojea wapi. Shida hizo mbili nilizifanyia kazi kwa miaka mingi, nikazijua vizuri, na nilipozijua vizuri nikazitumia kummaliza mtu. Nayasimulia haya bila majuto. Nayasimulia kwa sababu wengi wanaopita njia ile leo wanadhani ilijitengeneza yenyewe.

Nilikuwa fundi wa kutengeneza cherehani. Kabla ya hapo nilitunza ghala la duka la ushirika mjini Sumbawanga, mpaka rafu zikabaki na chumvi na mabakuli ya plastiki, kisha duka lenyewe likafungwa. Ukaja wakati ambao watu waliuita wa ruksa. Malori ya watu binafsi yakaanza kuingia na mitumba, na cherehani zilizokuwa zimefunikwa miaka kwa kukosa vitambaa zikafunuliwa, kwa sababu mitumba ile ilikatwa kwa miili ya watu wengine. Kila suruali ilihitaji kupunguzwa, kila koti lilihitaji mabega mapya. Ufundi sikufundishwa na mtu. Nilinunua cherehani mbovu, nikaifungua mezani, nikaifunga, nikaifungua tena, mpaka siku iliposhona.

Mzunguko wangu ulianzia Sumbawanga, ukapita vijiji vya uwandani hadi Chala, ukaenda Namanyere, kisha ukateremka ziwani mpaka Kabwe. Basi lilikuwepo siku lilipotaka, lakini basi lilifuata barabara, na washonaji wangu wengi walikaa mbali na barabara. Kwa hiyo nilitembea. Begani nilibeba bisibisi zangu, kopo la mafuta, blanketi na koti zito, maana upepo wa Ufipa wakati wa kiangazi hauna huruma. Vipuri sikuvibeba. Magurudumu, mikanda, gia na vibebeo vya bobini vilitangulia kwa lori, ndani ya gunia dogo, mpaka kwa mtu ninayemwamini, na mimi nilivikuta huko.

Kupanga safari ya namna hiyo kuna akili yake. Mzigo lazima utangulie. Ukifuata nyuma yako, utakuwa unafukuzana nao mpaka ziwani. Usitangulie sana, kwa sababu mzigo unaokaa muda mrefu chini ya kitanda cha mtu huanza kuonekana kama wake. Anayeusafirisha na anayeupokea wasiwe ndugu wala marafiki. Mahali pa kulala pawe karibu na maji kuliko na pombe. Ukifika kwa padre, fika kabla ya masifu ya jioni, maana baada ya hapo mpishi ameshajua idadi ya sahani. Mambo hayo niliyajua kwa kukosea, moja baada ya jingine, na niliamini makosa yamekwisha.

Na gunia lenyewe nililishona kwa namna yangu. Nilitumia mshono wa fundi viatu, uzi mmoja ukienda na mwingine ukirudi katika tundu lile lile, mdomo wote ukawa umenyooka kutoka pembe hadi pembe. Sikuweka masikio. Aliyewahi kubeba gunia la mahindi anayajua masikio: zile pembe mbili za juu zinazokunjwa na kukazwa kwa uzi mpaka zikasimama kama masikio ya mbuzi, ili mpagazi apate pa kushika. Gunia langu lilikuwa dogo, halikuhitaji kushikwa na mtu mwingine.

Chala nililala kwenye gesti, kama walivyolala watembea kwa miguu wote. Ilikuwa jirani na kituo cha serikali cha kununulia mahindi, ina vyumba vichache, chai mbele na stoo nyuma. Mwenye gesti alikuwa mtu mzima kwangu, mwenye sauti ya taratibu na mikono mikubwa. Ujana wake wote alikuwa mshona magunia katika kituo kile. Watu walisema alikuwa akishona huku anazungumza na mtu wa nyuma yake, bila kuitazama sindano, na gunia linatoka sawa na la kwanza. Kituo kilipopunguza watu, yeye alishakuwa na gesti. Mkewe aliweka cherehani barazani, lakini nilipopita mara ya mwisho kabla ya mambo haya cherehani ile ilikuwa imekufa. Niliifungua mwenyewe. Kibebeo cha bobini, kile kikopo cha chuma kinachoshika uzi wa chini, kilikuwa kimepasuka.

"Nitakuletea safari nyingine, mama," nilimwambia mkewe. "Kilichopo kinakwenda kwa dada yangu. Ana nguo za kanisa."

"Dada yako ana bahati," alijibu, na mumewe akacheka kidogo.

Dada yangu alikuwa mjane, anaishi kijiji kimoja kati ya Chala na Namanyere, nje ya barabara kubwa. Mwaka ule paroko alikuwa amempa kazi ya gauni za komunyo ya kwanza kwa watoto wa vigango vyote vya upande ule. Alikuwa amenunua shuka nyeupe za mitumba, akazifua, akazianika, akazikata. Vipande vilikaa kitandani kwake vimepangwa kwa ukubwa, na yeye alilala chini. Cherehani yake ilikuwa na ugonjwa ule ule wa ile ya Chala. Kibebeo cha bobini nilikuwa nimekipata mjini kwa taabu, nikakiweka katika gunia pamoja na vipuri vingine, nikalituma kwa utingo wa lori la mahindi mpaka kwenye gesti, nami nikafuata kwa miguu.

Nilifika Chala jioni, nikalala. Asubuhi manyunyu yalikuwa yameanza na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa. Mwenye gesti mwenyewe alinitolea gunia langu kutoka stoo. Alikuwa amelifunika nailoni na kulifunga kamba.

"Nimeona mvua, nikasema vyuma vya fundi visilowe," aliniambia.

Nikamshukuru. Shukrani ile ndiyo iliyokuja kuniuma kuliko yote yaliyofuata. Nikalipima kwa mkono, uzito ulikuwa wenyewe, nikaondoka.

Uani kwa dada niliwakuta akina mama wamekaa na mabinti wao, wamekuja kupimwa. Walikuwa wamesikia fundi anafika. Niliweka gunia katikati yao, nikavua ile nailoni, nikapitisha kisu mdomoni mwa gunia huku nikijibu salamu. Kisha nikalimwaga juu ya mkeka.

Yalitoka magunzi. Magunzi makavu ya mahindi, mengi, na chini yake majembe mawili yaliyovunjika.

Halafu bibi mmoja akauliza, "Fundi, cherehani ya dada yako inakula magunzi?"

"Labda ni ya nguruwe," mwingine akadakia.

Walicheka mpaka mmoja wao akaegemea ukuta. Sikuwalaumu. Ningekuwa mmoja wao ningecheka. Dada hakucheka. Aliokota magunzi yote moja moja, akayatia ndani ya ungo, akayapeleka jikoni na kuinjikia maharage.

"Yamesafiri mbali," alisema. "Tusiyatupe."

Walipoondoka nililichukua gunia tupu nikalitazama, kama nilivyopaswa kulitazama kabla ya kulikata. Mshono ulikuwa wa sindano ndefu, hatua kubwa zilizo sawa kabisa. Na kwenye pembe mbili za juu yalisimama masikio.

Nilikaa nalo magotini. Mwizi mwingine yeyote angeniiga, au angelifunga kamba tu. Huyu alikuwa amefikiria uzito, amefikiria mvua, amefikiria nailoni ya kunizuia nisiuone mshono. Jambo moja tu hakulifikiria, kwa sababu mikono yake haikuwa imemuuliza. Ilikuwa imefunga gunia kama ilivyofunga magunia kwa miaka yote ile.

Kesho yake nilirudi Chala na lile gunia. Alikuwa barazani anakunywa chai na watu. Karibu yake mkewe alikuwa anakanyaga cherehani, nayo ilikuwa inashona.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba fundi. Umesahau kitu?"

Nikalitandika gunia mezani, nikamwonyesha pembe. Nikasema mimi siweki masikio, na kila anayenijua anajua hivyo, na kwamba gunia lilifunguliwa na kufungwa tena ndani ya stoo yake.

Aliligusa sikio moja kwa kidole. Nadhani kwa sekunde ile alishtuka, maana kidole kilirudi haraka. Kisha akawageukia watu. "Jamani, hapa Ufipa kuna gunia lisilo na masikio? Basi kila gunia nimeshona mimi! Serikali inilipe uchovu!" Wakaangua kicheko. "Fundi, utingo wa lori amekuchezea. Mimi nimekutunzia, tena nimekufunika usilowe, leo unaniita mwizi mbele ya chai yangu."

"Na cherehani ya mama imepona lini?"

"Mungu ameiponya," alisema, na mkewe hakuinua uso.

Nilikwenda ofisi ya kijiji. Mwenyekiti, aliyekuwa shemeji yake, aliniuliza nani alimwona akishona. Sikuwa na mtu. Akanishauri nisipoteze ukaribisho wa Chala kwa sababu ya vyuma.

Gauni za komunyo zilishonwa kwenye baraza ile. Paroko hakuwa na la kufanya, siku ilikuwa inakaribia. Dada alipeleka vipande vyake vyote, vilivyokatwa kwa mikono yake, vikashonwa na mke wa mwenye gesti. Alibakiza vipande vya gauni moja, ya binti yake, akaishona kwa sindano ya mkono mpaka kidole gumba kikavimba. Siku ya komunyo nilisimama nyuma ya kanisa nikiwatazama watoto wakipita katika safu nyeupe, na sikuweza kusali. Nilikuwa nahesabu ni wangapi wanavaa kibebeo changu cha bobini.

Na mimi nikapewa jina. Lilinitangulia kama nilivyokuwa nikitanguliza mizigo. Namanyere walilijua kabla sijafika. Kabwe, ambako wavuvi hawana habari ya cherehani, kijana mmoja aliniita kutoka mtumbwini: "Fundi Magunzi! Mambo vipi, umeleta mzigo?" Washonaji wawili waliniambia kwa adabu kwamba safari ijayo wangependa kuviona vipuri kwanza ndipo waniahidi kazi. Mtu anayezunguka nchi kwa miguu hana duka wala kibao. Ana neno lake tu kwamba alichosema kitafika kitafika. Neno hilo mwenye gesti alikuwa amelijaza magunzi akalishona.

Hapo nikaamua ninachotaka. Vipuri sikuvitaka tena. Nilitaka aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu wanaotembea njia hii, kwamba gunia lile alilifunga yeye. Na mpaka atakaposema, nisione mtu analala kwake.

Hasira ingenichosha upesi, kwa hiyo sikuitumia. Nilikaa chini nikajiuliza kwa nini kila mtu analala Chala. Jibu halikuwa uzuri wa gesti; kunguni wake walijulikana mpaka Muze, kule bondeni Rukwa. Watu walilala pale kwa sababu ni mwisho wa siku ya kutembea, na kwa sababu malori yote ya mahindi yalikwenda kwenye kituo kile, kwa hiyo mizigo yote ilishuka pale. Lakini sasa malori ya serikali yalikuwa machache, na wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuingia vijijini wenyewe na malori yao, matupu yakienda, yamejaa yakirudi. Lori tupu linaloingia kijijini ni posta. Mwenye gesti, aliyekuwa na kituo mlangoni, hakuliona hilo. Niliona mimi, nikaanza kutembea tena, safari hii bila kufikiria cherehani.

Nilipita magharibi ya barabara, juu ya uwanda. Nilitafuta umbali ambao mtu mwenye mzigo anaufikia jua likiwa bado lipo, na mwisho wa kila umbali nikatafuta mlango. Wa kwanza niliupata kwa katekista wa kigango kimoja, mtu mwenye nyumba pana na watoto waliokwisha kuoa. Wa pili ulinipa kazi. Mahali pale hapakuwa na kijiji, palikuwa na mji wa mzee wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake, na watu wa uwandani walikuwa wanamwogopa kwa sababu ya mashamba. Mbwa wake walinisimamisha kwa mbali. Akatoka na fimbo, akanitazama.

"Wewe si ndiye Magunzi?"

Hata huko.

"Ndiye, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Ng'ombe wangu wanayapenda. Umeyaleta?"

Alicheka peke yake, kwa raha, kisha akanipa maziwa mgando kwenye kibuyu na kunisikiliza. Nikamweleza kwamba wapita njia watanunua maziwa yake, na wakishalala kwake na kula kwake hawatamsema vibaya vijijini. Alifikiri, akawaita mbwa nyuma. "Waje," alisema. "Lakini wapige kelele kutoka kule kwenye kichuguu."

Mlango wa tatu ulikuwa wa dada yangu.

Alinisikiliza huku akichambua ulezi kwenye ungo. "Kwa hiyo hapa pawe gesti."

"Mahali pa kulala, na pa kutunzia mizigo. Malori yanafika mpaka hapo kwenye mparachichi."

"Mdogo wangu, mimi nataka wageni. Wewe unataka damu ya mtu. Wageni nitawapokea. Hiyo damu utaijua mwenyewe."

Lakini sharti la nyumba lilikuwa lake, si langu. Alisema hatatunza mzigo wa mtu uliofungwa na mtu mwingine. Kila mgeni, kabla ya kula, angeketi ukumbini na kushona mdomo wa gunia lake mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya wenzake. Uzi na sindano vingetoka kwake. Asubuhi kila mtu angeutambua mshono wake, angeukata mwenyewe na kusema kama mzigo ni kamili. Watu wengine walishona kama wanazika mtu, wengine kama wanatarizi. Baada ya muda wenye kupita mara kwa mara walijuana kwa mishono, na mtu akisahau gunia walisema, hili la yule wa msalaba, hili la yule mvivu.

Wafanyabiashara wadogo wa mitumba na vyombo ndio walioanza. Niliwafuata sokoni Sumbawanga.

"Tuzunguke kote huko kwa ajili gani, mshikaji?" mmoja aliniuliza. "Kwa ajili ya magunzi yako?"

"Kopo lako la sabuni lilipungua wapi safari iliyopita?"

Jirani yake akasema, "Mi' kandambili zangu, pea nzima. Chala." Na wa tatu akakumbuka mkanda. Wote walikuwa wameibiwa vitu vidogo, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake, kwa sababu hakuna anayepigia kelele kandambili. Nilichofanya ni kuwakutanisha. Kisha nikawaeleza njia: wapi maji, wapi mbwa, katekista anapenda salamu gani, lori gani linaingia kijijini kwa dada na utingo wake ni nani. Nikawasimulia pia habari ya masikio, kila nilipopata nafasi, kwa maneno yale yale.

Haikwenda sawa moja kwa moja. Masika ya kwanza bonde moja lilijaa na vijana wakakwama kwa mzee wa Kisukuma mpaka wakachoka maziwa. Katekista aliugua, na kwa muda ule watu wakarudi Chala, na mwenye gesti akawapokea kwa chai ya bure. Nilipopata habari ya chai ile nilifurahi. Mtu hatoi chai ya bure ila ameanza kuhesabu vitanda vitupu. Nikatafuta mlango mwingine wa akiba kwa kila usiku, nikatafuta kivuko cha masika na kivuko cha kiangazi, na kiangazi kilichofuata hakuna aliyerudi.

Mimi mwenyewe niliendelea kupita Chala. Sikulala, sikunywa. Nilipita tu mbele ya baraza na kumwamkia. "Shikamoo mzee." Aliitikia, "Marahaba," nami nikaona viti. Safari moja viti vilikuwa na watu wawili. Safari nyingine kuku alikuwa juu ya kimoja. Mara ya mwisho chumba cha mbele kilikuwa kimejazwa mahindi ya mtu, na mlango wa stoo haukuwa na kufuli. Shikamoo yangu haikupungua hata mara moja, na nadhani ndiyo iliyokuwa inamchoma.

Mwenye gesti alikuja kwa dada msimu wa mahindi mabichi. Mvua ilikuwa imebomoa daraja la barabara ya Namanyere, malori hayapiti, na mtu wa Chala anayekwenda ziwani hakuwa na njia ila ile yetu. Nilikuwa ukumbini natengeneza kanyagio la cherehani. Wachuuzi watano au sita walikuwa wamekaa kwenye mikeka wakingoja chakula. Akaingia, amelowa mpaka magotini, na gunia kubwa mgongoni. Alikuwa amekonda. Aliponiona alisimama mlangoni kama anayetaka kurudi, lakini nje kulikuwa kunanyesha.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba."

Dada alitoka jikoni, akamtazama, akanitazama na mimi. Kisha akamletea maji ya moto ya kunawia miguu, kama anavyomletea kila mtu, na kigoda.

"Karibu, baba. Umebeba nini kizito hivyo?"

"Mablanketi na shuka," alisema kwa sauti ya chini. "Nawapelekea wavuvi Kabwe. Nimefunga biashara."

Dada akainama akashika pindo la shuka lililotokeza. "Nyeupe nzuri," alisema. "Zingetoa gauni nyingi za komunyo."

Dada akamwekea magotini sindano ndefu na uzi. "Hapa kila mgeni anashona mzigo wake mwenyewe ndipo anakula. Ndiyo desturi ya nyumba."

Sikuwa nimepanga hilo. Kila kitu kingine nilikipanga, lakini hilo lilitoka kwa dada, na nilipolielewa niliweka bisibisi chini. Nikamuuliza habari za Chala. Nikamuuliza habari ya mahindi, ya shemeji yake, ya daraja. Alinijibu kwa adabu, macho yakiwa kwangu, kwa sababu aliniogopa. Na huku ananijibu, mikono yake mikubwa ikaanza kazi bila yeye. Ikakunja mdomo, ikapitisha uzi kwa hatua kubwa zilizo sawa, ikafika pembeni, ikakunja pembe, ikazungusha uzi mara tatu na kukaza. Sikio. Ikarudi upande wa pili.

Wote walikuwa wanatazama mikono.

Lilipokazwa sikio la pili, yule kijana wa kandambili akasema taratibu, "Aisee. Ndiyo hayo?"

"Ndiyo hayo," nikasema.

Mzee akainamisha uso akayaona. Alishika sikio moja akataka kulifungua, lakini fundo lake lilikuwa fundo la kazi, halifunguki kwa kucha. Akaliacha. Mtu mmoja alianza kucheka, dada akamkata kwa jicho.

"Ni mazoea ya mkono," mzee alisema.

"Najua, mzee wangu. Na lile la kwangu?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Alitazama watu mmoja mmoja, na nadhani alimtambua kila mmoja, maana wote walikuwa wamewahi kulala kwake. Akaanza, "Mke wangu alikuwa..."

"Sikuulizi mkeo. Nakuuliza gunia."

"Nililifunga mimi," alisema.

"Sema na waliokaa nyuma wasikie."

"Lile gunia la magunzi nililifunga mimi. Vyuma nilichukua mimi."

Nilikuwa nimelingoja neno hilo kwa miaka, na nilidhani likija litanijaza. Lilinijaza kweli. Wapo wanaopenda kusema kisasi kikifika hakina ladha. Changu kilikuwa na ladha mpaka kwenye meno. Nilinyoosha mkono nikachukua tena bisibisi yangu, nikaendelea na kanyagio.

Dada akaleta ugali wa ulezi na migebuka ya ziwani, akampakulia mzee kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa wa umri. Alikula kidogo. Baada ya kula alisogea karibu yangu.

"Fundi, nimekwisha kusema. Sasa waambie hawa warudi Chala. Nyumba ninayo bado."

"Sitawaambia."

"Ulitaka niseme, nimesema."

"Ndiyo. Sasa kila mtu amesikia, ndiyo maana hawatarudi."

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Kila mtu alichukua gunia lake, akakata uzi, akachungulia, akasema kamili. Lake halikuhitaji kutambuliwa. Alikata mdomo kati ya yale masikio mawili, akatazama shuka zake, zote zilikuwepo. "Kamili," alisema.

Dada alimsindikiza mpaka chini ya mparachichi, nami nikawa nyuma yao. Alikuwa amechemsha mahindi mabichi, akamfungia mawili kwenye majani ya mgomba kwa ajili ya njiani, yakiwa bado ya moto. Mzee aliyapokea kwa mikono miwili, akamshukuru, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Haya, baba, safari njema," dada alimwambia. "Ukimaliza kuyatafuna, magunzi usiyatupe. Kuna watu huwa yanawafaa."